Semezaneni kabla ya kushuka Mtangawanda

Ndugu msomaji, kila likizo ya Agosti ikikaribia, mabasi na treni za kutoka Nairobi huja Mombasa zimefurika watu wa bara wanaoutafuta upepo wa bahari. Hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba hakuna anayetuuliza sisi wenyeji, ambao upepo huo hutufikia ukiwa umekwisha kuchanganyika na moshi wa matatu za Kongowea, kwamba nasi tukichoka hukimbilia wapi. Wakubwa wa Kiingereza huko India walikuwa na mji wao wa mlimani uitwao Simla. Tangu mwaka 1864, joto likizidi, serikali nzima ilipanda huko juu, makarani na mafaili yao. Sisi je?

Jibu ni kwamba kila nyumba ya mjini ina mlima wake. Mlima wa wengine ni mlima kweli, mathalan Wundanyi kule Taita, ambako jioni utavaa sweta na asubuhi ukungu utakuficha hata jirani. Mlima wa wengine ni kisiwa kilicho tambarare kama sinia, kiitwacho Pate, katika funguvisiwa la Lamu, na mlango wake ni gati la Mtangawanda. Na kuna nyumba, ambazo siku hizi zimekuwa nyingi mijini, zenye yote mawili. Mume ana mlima wake na mke ana wake. Hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Nataka tuyazungumze hayo leo kwa sababu Agosti iliyopita nilikaa kiti cha nyuma katika gari la mume na mke waliokuwa wakienda Pate. Mke ni shoga yangu tangu chuoni, mtu wa Pate kwa baba na kwa mama. Mume ni Mtaita Mwislamu, amezaliwa Wundanyi akakulia Changamwe, fundi wa umeme, mtu mpole lakini asiyependa kabisa kuchelewa. Watoto waliachwa kwa shangazi yao. Wenyewe wameniruhusu kuandika mradi nisitaje majina, na mke akaongeza sharti kwamba nisiseme ni nani aliyesahau chupa ya chai jikoni. Basi sitasema.

Safari ya Pate ni safari mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza ni ya barabara, kilomita 340 hivi kutoka Mombasa hadi Mokowe, ambako gari huachwa. Ya pili ni ya bahari, Mokowe hadi Lamu, kisha Lamu hadi Mtangawanda. Ya kwanza huendeshwa na dereva. Ya pili huendeshwa na mwezi, kama tutakavyoona, na mtu asiyependa kuchelewa afadhali ajue mapema.

Tuliondoka mara baada ya swala ya alfajiri. Mtwapa tuliipita bado imelala, na Kilifi tukavuka daraja jua likichomoza. Wazee wetu husimulia siku za kivuko cha Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, jinsi magari yalivyopanga foleni na wauza korosho wakapata riziki kwa foleni hiyo hiyo. Malindi tulisimama kunywa chai ya kununua (sababu mnaijua). Baada ya hapo ni Mambrui, Gongoni na Marereni, ambako mashamba ya chumvi yametandaa upande wa bahari, kisha nchi inakuwa kavu, nyumba zinapungua, na mazungumzo nayo yanapungua mpaka ufike Minjila, karibu na Garsen, ambako barabara ya Lamu inachepuka.

Kutoka hapo mbele msifanye mzaha. Barabara hii ina historia nzito. Katika miaka ya 1990 mashifta walivizia mabasi, na abiria walikuwa wakisafiri kwa msafara huku polisi wakiwasindikiza. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, na huko pamoja na vijiji vya jirani watu zaidi ya 60 wakauawa. Januari 2020 mabasi yakavamiwa Nyongoro. Zamani ilikuwa udongo mweusi, mvua ikinyesha unageuka uji, na gari lililonasa halina pa kukimbilia. Siku hizi lami imefika hadi Lamu, na hilo limeondoa taabu nyingi. Lakini hata lami haishindani na Mto Tana. Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara karibu na Gamba, abiria wakashuka kutoka katika mabasi wakavushwa kwa mashua. Kwa hivyo siku moja kabla ya kuondoka pigeni simu kwa mtu aliyeko njiani mumuulize habari za barabara. Kila mmoja awe na kitambulisho mfukoni, si katika sanduku lililofungwa kamba juu ya gari. Na mpange muwe mmeipita Gamba mapema, jua likiwa bado juu.

Sasa turudi Minjila, kwani ni hapo mke alipotoa simu yake akamwonyesha mumewe picha aliyotumiwa na jirani. Ilikuwa picha ya dari. Katika ile nyumba ya Pate, boriti mbili za chumba cha ndani zilikuwa zimevunjika katikati, na juu yake chokaa imefanya tumbo.

Mume akaitazama, akarudisha simu. “Mama watoto,” akasema, “tubomoe hiyo dari tuweke mabati, yaishe.”

“Mabati? Juu ya nyumba ya mamangu?”

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Kutoka Minjila hadi Witu hakuna aliyefungua kinywa, nami nikabaki kuhesabu ng'ombe wa Waorma.

Msomaji ambaye hajapata kuingia nyumba ya mawe ya visiwani huenda akashangaa watu wagombane kwa ajili ya dari. Nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa tanurini. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, aghalabu upana hauzidi mita 3, na sababu si ufundi wa mapambo. Sababu ni boriti ya mkoko, kwani haipatikani ndefu zaidi ya hapo ikawa na nguvu ya kubeba. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, na juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, ikapigwa hadi ikashikana. Dari ya namna hiyo ni nzito mno, lakini chini yake mchana wa Machi utalala kama uko pangoni. Adui yake ni ufa mmoja tu usiozibwa. Maji hupenya, boriti huoza upande wa ukutani ambako jicho halifiki, na siku moja usiku dari yote huja chini. Nyumba yenye watu, ufa huzibwa wiki ile ile. Nyumba iliyofungwa kufuli, hakuna wa kuuona. Ndiyo maana nyumba ya mawe hufa haraka watu wake wakihama.

Mabati nayo? Ni rahisi, yanapatikana Lamu, na fundi huyamaliza kwa siku mbili. Lakini yana joto, mvua ikinyesha hamsikizani, na hewa ya chumvi huanza kuyala mapema. Mume alikuwa akihesabu fedha. Mke alikuwa akimhesabu mama yake. Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo linalofanya ugomvi wa namna hii uwe mgumu.

Tena kuna jambo zito zaidi chini ya hayo mabati. Kule Wundanyi, kwao mume, ardhi hufuata wanaume. Baba humkatia mwanawe wa kiume mahali pa kujenga, na mke huja akakuta jiko linamngoja. Kule Pate na Lamu, desturi ya watu wa mji ilikuwa kinyume. Baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, au alimgawia sehemu ya juu ya nyumba yake mwenyewe, na akiolewa ni mume anayehamia kwa mke. Mume huyo huheshimiwa, hupewa kiti kizuri na kitoweo kinono, lakini ukuta si wake. Wakiachana, anayebeba sanduku ni yeye. Hata yule mshairi maarufu wa Pate, Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi wa nasaha katika miaka ya 1850 kuhusu namna ya kukaa na mume, alitoka katika ulimwengu huo ambao bibi ndiye mwenye nyumba. Watu husoma nasaha wakasahau kuuliza nyumba ilikuwa ya nani.

Basi mtazame mume wetu. Kila mwezi analipa kodi ya nyumba Mombasa. Kila Desemba anapandisha familia Wundanyi, ambako pia paa la jikoni linavuja. Sasa anaambiwa atoe fedha za dari katika nyumba ambayo haitakuwa yake hata akiitengeneza kwa dhahabu. Mtazame na mke. Anaona amekwenda Wundanyi Desemba sita mfululizo, amepika kwa kuni, amechota maji, wala hakuna aliyemwambia kwamba kisima kile kitakuwa chake.

Tulipofika Witu, shoga yangu, ambaye hawezi kunyamaza muda mrefu, akaanza kuniambia mimi habari ambazo kwa hakika alikuwa akimwambia mumewe. Je, nilijua kwamba Witu iliasisiwa na watu wa Pate? Ni kweli. Wanabahani, waliotawala Pate kwa karne nyingi, waliposhindwa na nguvu za sultani wa Unguja, mmoja wao, Ahmed aliyepewa lakabu ya Simba, alikimbilia bara akaweka makao yake hapo katika msitu, katika miaka ya 1860. Mwaka 1885 Wajerumani wakamchukua chini ya ulinzi wao, na mwaka 1890 wakaiachia Uingereza. Leo Witu unaipita kwa dakika chache tu. “Waliondoka Pate na majumba wakayaacha,” akasema, “na majumba yakaanguka.” Mume akajibu kwa mara ya kwanza tangu Minjila: “Sasa hayo nayo ni makosa ya mabati?” Tukacheka wote watatu, na gari likawa na hewa tena.

Mokowe tulifika saa saba mchana. Gari likaachwa kwa mtu wa kulilinda, tukavuka Lamu, na mume akataka boti ya Mtangawanda hapo hapo. Haikuwezekana, na hapa nawaomba mtulie niwaeleze, kwani wengi hukosana na mabaharia kwa kutojua.

Kati ya kisiwa cha Manda na bara kuna mkono mwembamba wa bahari uitwao Mkanda, wenye mikoko pande zote mbili. Ndiyo njia ya ndani ya kwenda Pate, iliyo salama na isiyo na mawimbi makubwa. Lakini maji yakipwa, Mkanda hukauka kiasi cha boti yenye mzigo kukwama kwenye tope. Asiyetaka kungoja itambidi azunguke nje ya Manda, kwenye bahari kuu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari hutulia. Agosti ni kusi, na kusi haina simile. Agosti 2017 boti iliyotoka Kizingitini kwenda Lamu ilizama, watu wa jamaa moja wakapoteza maisha. Kwa hivyo nahodha akikwambia ngoja, ngoja. Na mkipanda, kila mtu avae jaketi la kuokolea, asilikalie kama mto.

Saa za kujaa hujulikana kwa mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji huku kwetu hujaa kama saa kumi alasiri na tena kama saa hizo hizo alfajiri, kisha kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Tarehe za kuondoka zichagueni kwa kalenda ya mwezi badala ya kalenda ya ofisi, na mtaokoa siku nzima. Sisi tulikuta bamvua, lakini boti ya siku ile ilikuwa imekwisha kujaza abiria na unga. “Mai hayangoji, dada,” nahodha akamwambia shoga yangu, “hata yeo mukilia. Kesho ngojani hapa mapema.”

Mume, asiyependa kuchelewa, akakaa Lamu siku nzima bila kazi. Na hiyo siku moja ndiyo iliyoiokoa safari.

Nasema hivyo kwa sababu hii. Watu hudhani mume na mke wakifika mahali pa mapumziko ndipo watapata nafasi ya kuzungumza. Kwa kina sisi si hivyo. Ukishuka Mtangawanda umeshuka mbele ya watu. Aliyeshika kamba ya boti ni mtoto wa mjomba, mwenye pikipiki alisoma na kakako, na kabla hamjafika mjini habari imekwisha kutangulia kwamba mwana wa fulani amekuja na mumewe na mashavu yamemvimba. Wakwe watauliza. Mashangazi hawatauliza, wataamua. Wundanyi ni vile vile, ila huko ni wajomba. Safari ya njiani ndiyo faragha pekee waliyo nayo watu wazima wenye watoto, kodi na ndugu. Msiimalize kwa kusikiliza redio.

Siku ile Lamu niliwaacha pale gatini asubuhi nikaenda zangu sokoni, nikarudi adhuhuri nikawakuta hapo hapo, na maganda ya machungwa yamejaa kati yao. Waliyopatana nitawaeleza jinsi nilivyoelezwa.

Jambo la kwanza walilogundua ni kwamba hakuna kati yao aliyejua nyumba ni ya nani. Mke aliizoea kuiita yake. Mama yake, aliyefariki miaka mitatu iliyopita, siku zote alisema “hii ni ya binti yangu”, na mji mzima ulisikia. Lakini kusema ni kitu kimoja. Ziko njia tatu ambazo nyumba kama ile huweza kumfikia binti, na kila moja ina hukumu yake. Ikiwa ni wakfu uliofungiwa kizazi cha kike, basi haiuzwi wala hairithiwi, na kila binti hukaa kwa zamu ya uhai wake. Ikiwa ni hiba, yaani mama aliitoa na binti akaipokea mama akiwa hai, ni yake peke yake. Na ikiwa si hii wala ile, ni mirathi, na mirathi ya Kiislamu humpa mtoto wa kiume mafungu mawili kwa moja la msichana. Shoga yangu ana kaka mmoja, anafanya kazi Muscat. Baba yao alitangulia zamani. Basi kama si wakfu wala hiba, theluthi mbili za dari ile ni za kaka.

Mume aliposikia hivyo, nadhani ndipo alipoacha kusema mabati. Alikuwa akiona anagombana na mkewe, kumbe mwenye jibu yuko Omani.

Wapo watakaouliza sheria ya serikali inasemaje. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba mume au mke akichangia kuiboresha mali iliyo ya mwenzake, hupata haki katika mali hiyo kwa kadiri ya mchango wake. Sheria hiyo hiyo inawaruhusu Waislamu kufuata sheria ya dini yao katika mali ya ndoa, na mirathi yao husikizwa katika mahakama ya Kadhi. Kwa vyovyote vile, anayeulizwa swali ataulizwa na ushahidi. Wanandoa wengi huona aibu kuweka risiti, wakidhani risiti ni dalili ya kutoaminiana. Mimi naona kinyume. Risiti iliyowekwa sandukuni mkiwa mnapendana haimuumizi mtu.

Mapatano yao yalikuwa haya. Watatengeneza chumba cha ndani peke yake mwaka huu, kwa boriti na chokaa kama mama alivyokiacha. Jiko la nyuma, ambalo lilikwisha kuanguka, litapigwa mabati. Fedha atatoa mume, na risiti zitaandikwa jina lake. Desemba, mke atatoa katika mshahara wake fedha za tangi la maji Wundanyi, na risiti zitaandikwa jina la mke, wapende wasipende wajomba. Na kabla ya kugusa chumba cha pili, kaka ataandikiwa aseme kwa maandishi kama anaitambua nyumba kuwa ya dada yake.

Alasiri tukapanda boti. Ilikuwa ya mbao, yenye injini, na tulikaa juu ya magunia ya sukari na kreti za soda. Mkanda ukiwa umejaa ni safari tamu kabisa, mikoko imeinamia maji na ndege weupe wametulia juu yake. Ukitoka Mkanda ghuba inafunguka, na upande wa bara utaiona ile bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Meli kubwa huko, na sisi na soda zetu huku.

Mtangawanda kwenyewe ni gati na nyumba chache. Faida yake ni kwamba maji hapo ni ya kina, tofauti na diko la Pate mjini ambalo hufikika maji yakijaa tu. Ukishuka, zipo pikipiki za kwenda Pate, Siyu, Faza na hata Kizingitini. Zamani watu walitembea, na kwa miguu hadi Pate ni kama saa moja. Sisi tulitembea, mizigo ikapanda pikipiki. Jioni ilikuwa nzuri, na mume akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huu ndio mlima wa kwanza aliopanda bila kupanda.

Pate inakupokea kwa magofu. Kuta za majumba ya zamani bado zimesimama, na ndani yake, palipokuwa misana na vyumba, watu wamelima tumbaku. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyaona magofu hayo mwanzoni mwa karne ya 19 akatunga Al-Inkishafi, na wanafunzi mnaoisoma darasani mngeielewa upesi zaidi mkipita hapa jioni moja.

“Masalkheri shangazi.” “Masalkheri wanangu, karibuni. Ndoo ukae, mume wetu.” Kama nilivyotabiri, mashangazi walikuwa wanne, na kabla ya kahawa kupoa walikuwa wamekwisha kuamua juu ya dari. Mmoja alitaka mabati! Shoga yangu alimtazama mumewe, mumewe akatazama kikombe chake. Mabishano yakaendelea bila wao, nao wakala tambi.

Asubuhi fundi alikuja akapanda ngazi, akazigonga boriti moja moja kwa mpini wa nyundo akisikiliza sauti. Nne zilikuwa zimeoza, ingawa picha ilionyesha mbili. Akasema akifungua hapo afadhali azitoe zote, na chumba kile kitakula korija moja, yaani boriti 20. Bei akaitaja, mume akameza mate, akatoa daftari. Ikaja saa ya risiti. “Niandike jina la nani?” fundi akauliza. Mashangazi wote wanne walisogea. “Andika langu,” mume akasema, na kabla shangazi yeyote hajafungua kinywa, mke akasema, “Langu utaliandika Wundanyi.” Fundi hakuelewa, lakini aliandika.

Tulirudi siku ya nne, kwa maji ya alfajiri, tukiwa na kapu la samaki wakavu. Barua ya Muscat ilikwisha kutumwa kwa simu, na kaka akajibu siku ile ile kwamba ameisoma na atajibu vizuri akipata nafasi. Hadi ninapoandika haya hajaipata. Korija ya boriti imelala katika kiwanda cha nyumba, imefunikwa makuti, na fundi hupita kila Ijumaa kuitazama.